Cherehani imefika na ufa, muuzaji anasema nidai basi

Shikamoo shangazi,

Mimi ni fundi wa nguo, naishi Makambako. Nashonea barazani kwangu kwa cherehani ya pedeli niliyoachiwa na marehemu mama. Msimu wangu mkubwa ni huu wa sare za shule, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Mwaka huu nimepata oda 23, za mashati, sketi na kaptula, na wazazi wengi wameshatoa advansi. Cherehani ya mama imechoka, inaruka mishono, nikaona nitafute kichwa kingine nikifunge kwenye meza ileile.

Nikampata dada mmoja wa Dar es Salaam anayeuza vyerehani vya mtumba mtandaoni. Nilimfuatilia muda mrefu kabla ya kununua, na watu wengi wanamsifia. Nikachagua kichwa cha kizamani, chuma kitupu, kinashona mshono wa kawaida na zigizaga. Alinitumia video akikijaribu kwenye kipande cha jinzi kilichokunjwa mara nne, kinatembea vizuri kabisa. Bei 320,000. Fedha nilikopa kwenye kikoba chetu. Nikalipa kwa simu tarehe 9 Desemba pamoja na 15,000 ya usafiri. Tarehe 11 akanitumia picha mbili, moja boksi likiwa wazi na kichwa kikiwa ndani, nyingine boksi limeshafungwa, na risiti ya basi. "Kesho unapokea mzigo wako mpenzi."

Kesho yake nikaenda ofisi ya basi. Ni boksi la mafuta ya kupikia, limezungushiwa solotepu. Karani akanipa daftari nisaini, nikasaini, nikaita bodaboda. Tulipofika nyumbani, wakati wa kulishusha, nikasikia kitu kinagonga ndani. Nguvu ziliniishia. Kufungua, nakuta magazeti machache yaliyokunjwakunjwa na kichwa kimelala ubavu. Kijiti cha kuwekea uzi kimekatika. Gurudumu la mkono limepinda, ukilizungusha linakwaruza. Na pale mkono wa cherehani unapokutana na kitako, kuna ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu. Ubavuni mwa boksi kuna tundu ambalo sikuliona pale ofisini.

Asubuhi ya tarehe 13 nilimtumia yule dada picha. Akajibu: "Pole mpenzi, mzigo ulitoka mzima na video unayo. Dai basi." Nikarudi kwenye basi. Karani akageuza risiti akanionyesha maandishi madogo: vitu vya kuvunjika vinasafirishwa kwa dhamana ya mwenye mzigo. Halafu akanionyesha sahihi yangu. Nikampigia dada tena na tena, mwisho akasema atanipa 40,000 "kwa ubinadamu tu". Tangu hapo nikimwandikia tiki zinageuka bluu, jibu haliji.

Mume wangu anasema nimenunua picha. Fundi chuma wa hapa mtaani amesema atauchomelea ule ufa kwa 25,000, na jana nimempelekea, bado hajaanza. Mdogo wangu ananishawishi niweke sura ya yule dada mtandaoni niandike TAPELI. Shangazi, nichukue hiyo 40,000 nichomelee nianze kazi? Au nina haki yoyote, na mimi nilishasaini?

Fundi wa sare, Makambako

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla hujasoma mstari mwingine, mpigie huyo fundi chuma asiiguse. Kisha nenda ukaichukue leo hii, uirudishe nyumbani kwenye boksi lilelile. Barua yako imenitia wasiwasi hapo kuliko mahali pengine pote, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni chuma chenyewe. Kichwa cha cherehani ya kizamani kimetengenezwa kwa chuma cha kumimina kwenye kalibu. Ni kigumu na kizito, lakini hakipindi. Kikizidiwa kinapasuka kama kigae. Kukichomelea kunataka vijiti vyake maalumu, kukipasha moto taratibu na kukiacha kipoe taratibu. Ukikichomelea kama geti la nyumba, joto linakivuta upande mmoja, na ufa mwingine unatokea pembeni ya ule wa kwanza. Hata kikishika, mkono ukihama kwa unene wa karatasi tu, sindano haikutani tena na ncha ya kule chini inayochukua uzi, na cherehani inaruka mishono hadi unailaani.

Sababu ya pili ni haki yako. Uliuliza kama unayo. Unayo, na kuchomelea kungeweza kukunyang'anya.

Mauzo kama haya yanaongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Nakueleza kwa lugha yetu ya barazani. Muuzaji akimkabidhi msafirishaji mzigo wako, kwa kawaida huhesabiwa kwamba amekukabidhi wewe. Yule dada anasimama hapo anaposema "ulitoka mzima, dai basi", hata kama hajui kuwa ni sheria. Lakini sheria hiyohiyo inaendelea. Inamtaka muuzaji, anapomkabidhi msafirishaji, apange safari ya mzigo kwa namna inayofaa kulingana na aina ya bidhaa yenyewe. Asipofanya hivyo na mzigo ukaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa, au amdai muuzaji fidia. Chuma kinachopasuka, kilichotupwa ndani ya boksi la mafuta na magazeti machache, kisha kikapandishwa basi la kupita matuta ya Mikumi na kona za Kitonga, safari ya zaidi ya kilomita 600! Nani atasema hapo mzigo ulipangiwa safari inayoufaa?

Na ile sahihi isikunyime usingizi. Mnunuzi ambaye hajapata nafasi ya kukikagua kitu hahesabiwi kuwa amekikubali. Ulisaini kwamba umepewa boksi, na boksi kweli ulipewa. Ulilifungua siku hiyohiyo na kesho yake asubuhi ukamjulisha muuzaji kwa picha. Umefanya sawasawa. Kinachoharibu ni kukaa nacho muda mrefu kimya, au kukifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye hulifanya, mfano kukipeleka kwa fundi akichomelee. Ndiyo maana nimeanza na yule fundi.

Sasa tulitazame hilo boksi, maana ushahidi wako mkubwa uko hapo na nahofu usije ukawashia moto.

Unasema ubavuni kuna tundu. Lishike, liangalie kingo zake. Kama karatasi imepasuka ikielekea nje, kama mdomo uliobenuliwa, basi kilichotoboa kilitoka ndani, na nadhani ni kile kijiti cha kuwekea uzi, au gurudumu. Kama imeelekea ndani, kuna kitu cha nje kiliingia. Kisha angalia pembe nne za chini. Boksi lililoangushwa kutoka juu huwa na pembe iliyobonyea, na mistari ya mikunjo hupanda kutoka pale. Pembe zikiwa nzima na tundu likielekea nje, boksi lenyewe linakueleza kwamba kichwa kilikuwa kinatembea humo ndani, kinajigonga kila basi linapofunga breki. Piga picha kwa karibu mchana, weka sarafu pembeni ya tundu ili ukubwa wake uonekane. Pembe ikiwa imebonyea pia, piga picha vilevile. Usifiche kitu, maana hapo basi nalo litakuwa na la kujibu.

Kisha fungua simu yako. Yule dada amekutumia mwenyewe vitu viwili: video inayoonyesha kichwa kikishona jinzi, na picha ya boksi likiwa wazi kabla ya kufungwa. Video inathibitisha kuwa hakikuwa kibovu tangu mwanzo, kwa hiyo hawezi kusema kesho kwamba ni uchakavu wa mtumba. Picha inaonyesha jinsi alivyokifunga. Akisema "ulitoka mzima", mkubalie! Ulitoka mzima kweli, ukafungwa vibaya, ukafika na ufa, na hatua zote tatu zina picha. Vihamishie kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini, pamoja na ujumbe wa muamala na risiti ya basi pande zote mbili, kwa sababu mazungumzo hufutwa na simu huanguka kwenye maji.

Kisha acha kumpigia. Simu hazina kumbukumbu, na mtu aliyebanwa akipigiwa mara kumi huona anasumbuliwa, anasahau kwamba anadaiwa. Mwandikie ujumbe mmoja, mtulivu, wenye tarehe na kiasi. Ungeweza kuwa hivi:

"Habari dada. Tarehe 9 Desemba nilikulipa 320,000 ya kichwa cha cherehani na 15,000 ya usafiri. Nilipokea mzigo tarehe 12, na tarehe 13 asubuhi nilikutumia picha: kitako kina ufa, gurudumu limepinda, kijiti cha uzi kimekatika. Video yako inaonyesha kilikuwa kizima. Picha yako ya boksi inaonyesha kiliwekwa na magazeti tu, hakuna kilichokishikilia. Sikikubali kikiwa hivi. Naomba unirudishie 335,000, au unitumie kingine cha aina hiyo kikiwa kimefungwa kwenye kreti la mbao. Hiki nimekihifadhi kama kilivyofika, unaweza kutuma mtu akichukue. Nasubiri jibu lako ndani ya siku saba."

Neno "sikikubali" usiliondoe, lina uzito wake. Na ukishamjulisha kuwa umekataa, hulazimiki kugharamia kumrudishia Dar. Kazi ya kukifuata ni yake. Wewe kitunze tu kisiharibike zaidi.

Ile 40,000 usiipokee sasa. Kijiti na gurudumu ni vipuri, vinapatikana kwa mafundi wa cherehani, na kwa hivyo viwili huenda 40,000 ingetosha. Ufa wa kitako hauna kipuri. Ukipokea leo, kesho atasema mlishamalizana, na ujumbe wa muamala utakuwa shahidi wake. Akija na kiasi cha maana, tuseme kinachokuwezesha kupata kichwa kingine huku hicho ukikiuza kwa vipuri, hapo fikiria, ila makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe kabla fedha haijaingia.

Kuhusu basi, waandikie barua fupi hata kama unaona kosa kubwa si lao. Eleza tarehe, namba ya risiti na hali ya boksi, waachie nakala, na yako waigonge muhuri wa kupokelewa. Kusafirisha vifurushi kwa malipo ni huduma ya leseni chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, hata ikifanywa na basi. Maandishi madogo nyuma ya risiti yasikufanye uondoke mikono mitupu bila hata kuandikisha malalamiko. Lakini nguvu zako nyingi zipeleke kwa muuzaji. Wanaposukumiana, wewe ndiye unayechoka, na mtu aliyechoka hukubali 40,000.

Siku saba zikipita kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulika pia na kumlinda mlaji. Ambatisha picha zote kwa mpangilio wa tarehe. Na Mahakama ya Mwanzo ipo. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili, unajieleza mwenyewe bila wakili. Mara nyingi ujumbe wa pili unaosema "kesho napeleka malalamiko FCC" humfanya mtu apokee simu.

Sasa la mdogo wako. Mkatalie kabisa. Yule dada alipokea fedha akatuma kitu kilekile alichokionyesha kwenye video. Amefunga vibaya, anakwepa wajibu, na amekukosea. Tapeli si neno lake. Ukiliandika na sura yake juu, wewe mwenye haki unajiingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa usambazaji wa taarifa za uongo, na mazungumzo yote yatahama kutoka kwenye kitako chenye ufa kwenda kwenye sura yake. Siku saba zikiisha bila jibu, unaweza kuwaeleza wanunuzi wenzako ukweli mtupu kwa maneno yako: nilinunua hiki, kilifungwa hivi, kilifika hivi, nimejibiwa hivi.

Na mzee wa nyumba anayesema umenunua picha, msomee hii: mke wako alimfuatilia muuzaji kabla ya kulipa, akadai video ya majaribio, akatunza risiti, akatoa taarifa kesho yake asubuhi. Wanaonunua dukani kwa macho yao wengi hawafanyi hata nusu ya hayo.

Siku atakapokutumia kingine, au ukinunua kwa mwingine, usiwaachie wafunge wanavyojua wao. Niliwahi kufunga vichwa viwili vya cherehani kwenda Songea na vyote vikafika salama, nakupa jinsi nilivyofanya. Kijiti cha uzi kinachomolewa, bobini na nyumba yake vinatolewa, vyote vinatiwa kwenye kifuko na kufungwa kando. Sindano inatolewa. Mguu unaoshika kitambaa unateremshwa juu ya kipande cha khanga kuukuu ili vyuma visigongane. Kichwa kinasimamishwa juu ya ubao na kukazwa kwa skrubu au kwa waya kupitia matundu ya kitako, yaani kisimame kama kinavyosimama mezani. Hapo ndipo unakizungushia nguo kuukuu, nyingi, na kuzikaza kwa kamba. Magazeti hayafai kwa kitu kizito hivi. Yanakandamizwa, yakishakandamizwa nafasi inapatikana, na kikipata nafasi kinaanza kujigonga. Lile povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni likiwa vipandevipande nalo linasagika chini ya uzito. Mwisho kinaingia kwenye kreti la mbao, au boksi gumu ndani ya boksi jingine, na unalitikisa. Ukisikia au ukihisi chochote kimesogea, fungua uanze upya. Gharama ya seremala kidogo tu, na muuzaji akiilalamikia mwambie uko tayari kuilipa, ila picha ya kila hatua unaitaka kabla gari halijaondoka.

Ukifika ofisi ya basi, litikise boksi kabla ya kugusa kalamu. Kitu kikigonga, fungua palepale mbele ya karani, mtu akirekodi kuanzia boksi likiwa limefungwa hadi kitu kitoke, bila kukata video. Ukilazimika kusaini, andika pembeni ya sahihi: "boksi lina tundu, sijakagua ndani."

Zimebaki sare. Wazazi wapigie wewe kwanza, kabla hawajakuuliza, waambie kilichotokea na siku ya uhakika ya kuchukua nguo. Na ile cherehani ya mama usiikatie tamaa kwa kuruka mishono. Umebadilisha sindano lini? Sindano iliyobutuka au kupinda kidogo hurusha mishono hata kwenye cherehani nzima kabisa. Nunua mpya, namba 14 kwa mashati na sketi, 16 kwa kaptula, uisukume hadi juu kabisa kabla ya kukaza. Fungua kibati cha chini ya sindano, utoe lile vumbi la nyuzi lililogandamana kwenye meno kwa brashi kavu, tia mafuta ya cherehani tone moja kila tundu, uizungushe kwa mkono dakika chache bila uzi. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa cha sare chenyewe. Ikiendelea kuruka hata hivyo, mwombe fundi jirani akukodishe yake jioni baada ya kufunga kazi. Ikitulia, anza na sketi, hizo zinakwenda haraka.

Shangazi yako